Kubadilisha gia bila klachi: jinsi ya kuchagua mfumo wa pikipiki kubwa ukiwa Mombasa

Klachi ina kazi mbili, na wengi hununua kifaa cha kazi moja ilhali kinachowasumbua ni ile nyingine. Kazi ya kwanza ni kuondoka na kusimama. Kazi ya pili ni kubadilisha gia ukiwa tayari mwendoni. Mkono wa kushoto unaouma kwenye foleni ya feri ya Likoni unaumizwa na kazi ya kwanza. Ule mkatiko wa mwendo unaousikia kila unapopanda gia baada ya Mtwapa, barabara ikifunguka kuelekea Kilifi, unatokana na ya pili. Kwikishifta, kifaa kinachokata nguvu ya injini kwa kitambo kidogo ili gia iingie bila klachi, ndiyo kila mtu huiulizia kwanza, lakini haigusi kazi ya kwanza hata kidogo. Ukiifunga ukitarajia kupumzisha mkono darajani Nyali saa kumi na moja jioni, pesa zitakuwa zimekwenda na mkono utaendelea kuuma vilevile.

Basi kabla ya kuuliza bei, tumia wiki moja kuiangalia safari yako. Ni mara ngapi unavuta klachi ukiwa umesimama au unatambaa chini ya kilomita 20 kwa saa, na ni mara ngapi unaivuta ukiwa unakimbia? Anayetoka Bamburi kwenda kisiwani kila asubuhi atakuta karibu zote ni za kusimama: Kongowea, darajani, Buxton. Anayetoa pikipiki Jumapili tu alfajiri atakuta kinyume chake.

Kama ni za kusimama, kuna jambo moja la kufanya kabla ya kununua chochote. Ichomoe kebo ya klachi, shika ncha zote mbili, uisukume na kuivuta kwa vidole. Ikikwaruza au ikikwama mahali, chumvi imeingia ndani na waya umeshika kutu. Kebo mpya, iliyopitishwa bila kona kali na kutiwa mafuta mepesi, huondoa uzito mwingi mno mkononi. Kwa klachi ya haidroliki, mwaga mafuta ya zamani, weka mapya na utoe hewa. Wapo waliokaribia kuuza pikipiki kwa sababu ya mkono, kumbe shida ilikuwa kebo.

Kinachotokea ndani ya giaboksi

Hili lielewe vizuri, kwa sababu hitilafu karibu zote tutakazozitaja huko mbele zinaanzia hapa.

Gia za pikipiki hazisogei ili zikutane, kama inavyodhaniwa. Zote zimeng'atana muda wote. Kinachosogea ni baadhi ya gia zinazoteleza juu ya shafti, zikiwa na meno manene ubavuni yanayoingia kwenye matundu ya gia jirani. Injini ikivuta, ubavu wa jino unakandamizwa kwenye ukuta wa tundu kwa nguvu yote ya injini, na uma wa gia, ule unaozitelezesha gia, hauwezi kulichomoa. Tena meno hayo mara nyingi huchongwa yakiinama kidogo, ili mzigo uzidi kuyavutia ndani yasitoke ovyo. Kata nguvu ya injini kwa milisekunde 60 hivi: mkandamizo unaisha, jino linateleza nje, na la gia inayofuata linaingia. Klachi hufanya jambo hilohilo kwa njia ndefu zaidi.

Kutoka hapo utaelewa kwa nini kwikishifta ya kupanda hutaka mafuta yawe wazi, yaani mpini wa kulia uwe umezungushwa. Ukifunga mafuta, injini haisukumi tena bali inazuia, na meno yanakandamizwa upande wa pili. Kukata moto wa plagi wakati huo hakuondoi mzigo wowote, na gia itagoma au itaingia kwa kishindo. Kushuka ni kinyume: mafuta yamefungwa, injini inazuia, na kinachotakiwa ni kuipiga resi kidogo, kwa sehemu ya sekunde, ili meno yaachane.

Mifumo iliyopo

Anza na usiogharimu hata shilingi. Ukiwa gia ya tatu, mafuta yakiwa wazi nusu, bana pedali ya gia kwa unyayo kana kwamba unataka kupanda, usiisukume hadi mwisho. Kisha punguza mafuta kwa mkupuo mmoja mfupi na uyarudishe. Gia ya nne inaingia yenyewe. Jifunze hili kwanza, kuanzia ya tatu kwenda juu. Giaboksi isiyokubali kubadilishwa hivi kwa mkono mwepesi haitakubali kifaa chochote, na utakuwa umelijua hilo kabla ya kutoa pesa.

Kwikishifta ya kupanda tu ina sensa kwenye rodi ya gia na moduli inayokata moto wa plagi au mafuta. Kukata moto ni kwa haraka zaidi, lakini petroli isiyoungua hupita hadi kwenye eksozi na kulipukia humo. Ndiyo ile milio, na ndiyo inayoharibu katalisti, kisafisha moshi kilicho ndani ya eksozi. Kukata mafuta ni laini zaidi, ila huchelewa kidogo kwa sababu kuna petroli iliyokwisha kunyunyizwa. Pikipiki ya kabureta haina sindano za mafuta za kukatiwa, kwa hiyo hapo utakata moto tu, kupitia waya za koili.

Kwikishifta ya kupanda na kushuka huongeza ule mkupuo wa resi. Hii inataka mafuta yanayoendeshwa kwa umeme, ili kompyuta ya injini iweze kuyafungua yenyewe. BMW S1000RR ilikuja nayo mwaka 2015, na leo pikipiki nyingi za daraja hilo zinayo. Usiamue kwa kuangalia mpini peke yake. Yamaha R6 ya 2006 ina kebo zinazotoka mpinini, lakini kebo hizo zinaishia kwenye sensa na injini inafunguliwa mafuta kwa mota. Fuata kebo hadi mwisho wake. Kwa pikipiki ya kebo halisi zipo mota ndogo za kuvuta kebo kwa niaba yako, lakini ni kitu kimoja zaidi cha kurekebisha na kimoja zaidi cha kuingiwa na chumvi. Sisi tungekiacha.

Kisukuma gia cha hewa au cha umeme ndicho cha mashindano ya kukimbia moja kwa moja. Unabonyeza kitufe, pistoni ya hewa au solenoidi (sumaku ya umeme) inasukuma pedali. Watu husahau kwamba kifaa hiki ni mguu tu. Bado kinahitaji moduli ya kukata moto, la sivyo kinalazimisha meno yenye mzigo na kukunja uma wa gia. Cha hewa huhitaji mtungi wa kujazwa mara kwa mara. Kampresa ya fundi wa panchari hutosha kuujaza, lakini hewa ya pwani ina unyevu mwingi na maji hujikusanya chini ya mtungi. Yafungulie yatoke baada ya kila siku ya matumizi. Usipofanya hivyo, vali na pistoni vitashika kutu, vitachelewa, na gia itaanza kukosekana bila sababu inayoonekana. Cha umeme hakihitaji hewa, ila kila kikipiga huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, kwa hiyo kinataka betri nzima na waya nene.

Kuna mtu mmoja ambaye kisukuma cha umeme si cha mashindano kwake: aliyeumia mguu wa kushoto. Kifundo kisichokunjika baada ya ajali hakimnyimi mtu pikipiki. Kitufe cha kupanda na kingine cha kushuka, vikifungwa na fundi anayejua, vinatosha.

Klachi ya kujishika yenyewe hufanya kazi ya kwanza. Resi ikipanda, uzito unaozunguka husukumwa nje na kubana plati. Resi ikishuka, plati zinaachia. Pikipiki haizimiki hata ukisimama ukiwa gia ya pili. Wazo hili si geni kwetu: Honda Super Cub ya 1958 na wadogo zake, C50, C70 na C90, ziliondoka bila mkono wa klachi, na pedali ya gia yenyewe ndiyo iliyoachanisha klachi wakati wa kubadilisha. Kwa pikipiki kubwa, angalia mambo matatu. Injini ikizimwa, klachi iko wazi, kwa hiyo gia haishikilii tairi. Ukiegesha kwenye mteremko wa feri ukiwa umeacha gia ya kwanza kama ulivyozoea, pikipiki itateremka. Funga breki ya kuegeshea au ikamate kwa mkono. La pili, betri ikilala huwezi kuiwasha kwa kuisukuma. La tatu ni joto: ukitambaa nusu saa kwenye jua la Februari, plati zinasuguana muda wote na oili inachemka. Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA2 na uibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Oili nyingi za gari zina dawa za kupunguza msuguano, na kwa klachi inayolowa ndani ya oili hiyo ni sawa na kuipaka mafuta ya kupikia.

Mwisho ni mifumo ya kiwandani inayofanya kazi zote mbili. Honda DCT, iliyoanza na VFR1200F ya 2010, ina klachi mbili: moja ya gia 1, 3 na 5, nyingine ya 2, 4 na 6. Gia inayofuata huwa tayari imeingia kabla ya kuhitajika. Hakuna laini kama hiyo, lakini huongeza kilo 10 hivi, ina filta yake ya oili isiyotakiwa kusahauliwa, nayo haishikilii tairi injini ikizimwa, ndiyo maana hupewa breki ya kuegeshea. Honda E-Clutch, iliyoingia sokoni 2024 kwenye CB650R na CBR650R, huongeza kilo 2 tu: mota zinashughulikia klachi, wewe unabadilisha gia kwa mguu, na mkono wa klachi umeachwa palepale uutumie ukitaka. Yamaha Y-AMT, ya mwaka huohuo kwenye MT-09, imeondoa mkono wa klachi na pedali vyote; vitufe viko kushoto, na uzito ulioongezeka ni kilo 2.8. Zile giaboksi zisizo na mkatiko kabisa za MotoGP haziuzwi, usipoteze muda kuzitafuta.

Kwa hiyo uchague ipi

Kama una pikipiki tayari na foleni ndiyo adui, rekebisha kebo, kisha fikiria klachi ya kujishika ikiwa inatengenezwa kwa modeli yako. Kama unanunua mpya na utaishi nayo kati ya kisiwa na Nyali, E-Clutch ndiyo tungeichagua. Sababu ni kwamba mkono wa klachi umebaki: umeme ukikorofisha mbali na nyumbani, unarudi ukiendesha kama kawaida. Hilo lina uzito mkubwa mahali ambapo mashine ya kusoma kompyuta ya pikipiki yako huenda iko Nairobi.

Kama pikipiki ni ya safari ndefu na mwendo, na mafuta yake ni ya kebo, chukua kwikishifta ya kupanda tu. Kama mafuta ni ya umeme, chukua ya kupanda na kushuka, lakini uhakikishe kwanza kwamba kompyuta ya injini inaikubali. Modeli nyingi zina soketi yake tayari na kilichobaki ni sensa na kufunguliwa kwa programu.

Kuhusu sensa yenyewe, kuna za swichi na kuna zinazopima mkazo wa chuma. Ya swichi ni rahisi na ina sehemu ndogo inayocheza ndani, na panapochezea ndipo maji ya chumvi yanapopenyea. Kwa pwani, nunua inayopima mkazo, iliyozibwa kabisa, yenye alama ya IP67. Tofauti ya bei utairudisha msimu wa kwanza wa masika.

Kagua pikipiki kabla ya kufungua mkoba

Kwikishifta haiponyi giaboksi mbovu, huimalizia. Pasha injini, nenda mahali pa wazi, weka gia ya pili, mizunguko 4,000, ufungue mafuta yote. Gia ikiruka na kutoka, meno yake yameviringika. Gia ya pili ndiyo huathirika kwanza kwa sababu kutoka ya kwanza unapita nyutro njiani, na mguu mlegevu huiingiza nusu. Hapo dawa ni kufungua injini.

Rudia kwa gia ya tano. Sindano ya resi ikipanda na mwendo usipande, plati za klachi zinateleza.

Mwaga oili na uangalie sumaku ya boliti ya chini. Uji mweusi laini ni wa kawaida. Ukiokota vipande vinavyochoma kidole, acha habari ya kwikishifta.

Pima betri: volti 12.6 ikiwa imepumzika, kati ya 13.8 na 14.5 injini ikinguruma. Pima mlegeo wa cheni. Nyingi za aina ya spoti hutaka milimita 25 hadi 35, lakini stika iliyo kwenye swingamu, mkono unaobeba tairi la nyuma, ndiyo yenye neno la mwisho. Cheni iliyolegea hugeuza kila ubadilishaji kuwa teke, na lawama huangukia moduli. Halafu shika ncha ya pedali ya gia uitikise juu na chini. Ikicheza kabla rodi haijaanza kusogea, vichwa vya rodi vimelika. Vibadilishe sasa, kwani sensa itasoma mchezo huo kama kelele.

Kufunga sensa

Vinavyohitajika: sensa ya modeli yako, rodi ya M6 ya urefu unaofaa, moduli na waya zake, spana mbili za 10, mita ya umeme, gundi ya nati ya buluu, grisi ya umeme, mpira wa kusinyaa kwa joto, na zipu za plastiki. Fundi mzoefu humaliza kwa saa tatu. Asiyezoea ajipe siku nzima.

1. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya nyuma na uondoe waya hasi wa betri.

2. Kabla hujagusa rodi, pima urefu wake kutoka katikati ya boliti ya kichwa kimoja hadi katikati ya kingine. Andika. Piga picha pedali ilivyokaa.

3. Mwambie mtu apandishe pedali polepole ukiwa umeshika rodi kwa vidole. Unatafuta kujua kama rodi inasukumwa au inavutwa unapopanda gia. Jibu hutofautiana kwa pikipiki, na hugeuka ukiwa umebadilisha mpangilio wa gia kuwa wa mashindano, wa kwanza juu na nyingine chini. Sensa ya kuvuta ikifungwa kwenye rodi ya kusukuma, injini itakatika unaposhuka na haitakatika unapopanda. Hili ndilo kosa la kwanza kwa wingi.

4. Legeza nati za rodi. Angalia: upande mmoja kwa kawaida una hesi za kushoto, unafunguka kwa kuzungusha kama unavyofunga. Anayesahau hilo hulazimisha hadi hesi zikang'oka. Nati ikigoma, weka mafuta ya kulegeza kutu, ngoja robo saa, ujaribu upande wa pili.

5. Funga sensa na rodi mpya, urefu wote uwe sawa na ulioandika, usizidi wala kupungua hata milimita mbili. Kila hesi iingie angalau milimita 8. Rodi na mkono unaozungusha shafti ya gia vikutane karibu na nyuzi 90. Ukiiacha pembe iwe kali, nguvu ya mguu inapotea njiani na gia za 5 na 6 zitakataa kuingia vizuri. Gundi ya nati tone moja, kisha kaza kwa Nm 10 hivi. Kishikilie kiwiliwili cha sensa kwa spana ya pili. Kikisokotwa wakati wa kukaza, kitasoma uongo maisha yake yote.

6. Pitisha waya mbali na eksozi na sproketi. Acha kitanzi kidogo pale waya unapotokea kwenye sensa, kwa sababu rodi inasogea kila gia, na waya uliokazwa hukatika palepale mdomoni, ndani ya mpira, usione kwa macho.

7. Moduli ikae chini ya kiti, juu ya kitu laini. Waya wake wa hasi uende betrini moja kwa moja. Usiufunge kwenye boliti ya fremu: rangi na kutu ni adui wa umeme. Weka fyuzi ya ukubwa uliotajwa na mtengenezaji, si uliyoikuta dukani.

8. Rudisha waya wa betri, washa swichi bila kuwasha injini, na usome sensa. Bila mguu, ionyeshe sifuri. Isipoonyesha sifuri, rodi imefungwa ikiwa na mkazo. Legeza nati moja, izungushe hadi ikae yenyewe, ukaze upya. Kisha inua pedali kwa vidole viwili na uangalie taa ya moduli ikiwaka.

Kuweka muda wa kukata

Hapa ndipo pikipiki mbili za aina moja zinapokuwa tofauti. Anza na muda mrefu kisha uupunguze. Kwa injini za silinda nne, milisekunde 80 kutoka gia ya 1 kwenda 2 ni mwanzo mzuri, 70 kwenda 3, 65 kwenda 4, na 60 kwa zilizobaki. Moduli yenye muda mmoja tu, weka 70. Gia ya kwanza hutaka muda mrefu kwa sababu jino lina safari ndefu, likipita nyutro.

Zuia kifaa kisifanye kazi chini ya mizunguko 3,500. Chini ya hapo mkatiko unasikika kama injini imekufa na kufufuka, na cheni inapigwa bure. Mjini, kwenye gia ya 1 na 2, tumia klachi. Hakuna aibu wala hasara.

Pasha injini hadi joto la kawaida, maana oili baridi hubadilisha kila kitu. Fungua mafuta robo tatu au zaidi, inua pedali kwa mwendo mmoja thabiti, na uishikilie juu hadi nguvu irudi. Kisha sikiliza mwili wako. Kifua kikisukumwa mbele halafu nyuma, muda ni mrefu, punguza 5. Pedali ikiwa ngumu kisha gia ikaingia kwa teke, muda ni mfupi, ongeza 5. Ukiupata ule muda ambao gia inaingia kimya, ongeza 5 nyingine juu yake na uache hapo. Meno ya gia yatakushukuru kwa hizo tano.

Mahali pa kufanya hivi ni suala zito. Kikomo cha mjini ni kilomita 50 kwa saa, na pikipiki kubwa hufika mara mbili ya hapo ikiwa bado gia ya pili. Barabara ya Dongo Kundu ni tambarare na inatamanisha, lakini ina malori na watembea kwa miguu. Gia za 1 hadi 3 unaweza kuzirekebisha ukiwa ndani ya sheria barabarani, kwa resi ya kati. Za juu zipeleke kwenye mashine ya kupimia nguvu za injini au uwanjani, hata kama uwanja wenyewe ni Whistling Morans kule Athi River na safari ni zaidi ya kilomita 400. Usizijaribu tairi likiwa hewani kwenye stendi: hakuna mzigo, kwa hiyo gia yoyote huingia vizuri na unadanganyika.

Ukiwa na ya kushuka, funga mafuta kabisa kwanza, halafu bonyeza. Usishuke ukiwa karibu na alama nyekundu. Gia ya chini itaipeleka injini juu zaidi ya inavyoweza kustahimili, na hakuna moduli itakayoiokoa.

Ikikorofisha

Injini inakatika yenyewe ukiwa mwendoni bila kubadilisha gia: karibu kila mara ni mguu. Umeuegemeza kwenye pedali, au pedali iko juu mno na buti inaigusa. Shusha pedali nusu sentimita, kisha upunguze wepesi wa sensa.

Inaingia nyutro ya uongo, yaani kati ya gia mbili: mguu umeachia mapema, au springi inayoishika ngoma ya gia, ile inayoziongoza uma, imechoka. Ikitokea kwenye gia moja tu kila siku, fungua giaboksi. Ikitokea popote, rekebisha mguu na pembe ya rodi.

Inafanya kazi asubuhi na kugoma mchana: waya uliokatika ndani unaoachana ukipata joto. Washa swichi, soma sensa, na uukunjekunje waya kwa vidole, hasa pale unapotoka kwenye sensa. Namba zikirukaruka, umepata.

Imegoma baada ya mvua au baada ya kuoshwa kwa presha: fungua soketi utazame vipini vyake. Ukiona unga wa kijani, ni chumvi na shaba. Safisha kwa brashi ndogo na dawa ya kusafishia umeme, kausha, paka grisi ya umeme, funga. Ni vizuri kufanya hivyo kwa soketi zote siku ya kufunga, kabla kijani hakijaota.

Inapanda vizuri, kushuka inagoma: umeacha mafuta wazi kidogo. Kebo iliyokazwa mno au mpini mzito usiorudi hadi mwisho hutosha kuifanya kompyuta iamini bado unavuta.

Pwani haisamehe chuma

Sensa nyingi zina kiwiliwili cha alumini na rodi ya chuma. Vyuma hivyo viwili vikiwa na maji ya chumvi kati yao, alumini huliwa, na siku utakayotaka kurekebisha urefu, hesi zitatoka kama unga. Ile gundi ya nati ndiyo inayoziba njia ya maji, kwa hiyo usiiruke. Ukivuka feri wakati wa kusi, bahari ikirusha maji hadi juu ya sitaha, osha eneo la pedali jioni hiyohiyo kwa maji matamu ya ndoo, si kwa mashine ya presha.

Kila mwezi, au kila kilomita 1,000, tikisa pedali kusikia kama vichwa vya rodi vimeanza kucheza, soma sifuri ya sensa, na ukaze nati kwa mkono kuona kama zimelegea. Sifuri ikiwa imesogea kidogo kila mwezi, waza kuhusu rodi iliyopinda. Mara nyingi pikipiki iliangushwa upande wa kushoto na mtu asiseme. Laza rodi juu ya kipande cha kioo na uizungushe. Mwanga ukipita chini yake, agiza nyingine, na wakati unaisubiri rudisha ile ya zamani uliyoifunga kwa tambara na kuiweka sandukuni.